Maswali ya wasomaji: Kostiki soda, kuanzia sabuni ya mche mpaka dawa ya nywele

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu utengenezaji wa sabuni ya mche nyumbani, basi meseji zikaanza kumiminika na karibu zote zinauliza kuhusu kostiki soda. Kwaiyo safu nzima ya leo ni yake. Nimechagua maswali ambayo naona yanawagusa wengi, yanayofanana nimeyaunganisha, na majina ya wote nimeyaacha.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mama mjasiriamali hapa Ujiji, natengeneza sabuni za mche kwa mawese. Natumia lita 10 za mafuta na kilo 2 za kostiki kama alivyonielekeza mwenzangu. Sabuni inashika haraka na inakuwa ngumu vizuri tu ila wateja wanalalamika inachubua mikono, na juu inatoa unga mweupe. Nina mzigo mkubwa ndani, niutupe?

JIBU: Pole mama, na usitupe kwanza. Tatizo lako liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ngoja tuifanye hapahapa ili na wengine waione.

Kostiki soda, kwa jina la kitaalamu sodiamu haidroksaidi (NaOH), haibaki kostiki ikishakutana na mafuta. Inayavunja mafuta, inajiunga nayo, zinatoka sabuni na gliserini. Ila kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki inachoweza kumaliza, kikizidi hapo kile kilichozidi kinabaki kostiki ndani ya sabuni, na ndicho hicho kinachowachubua wateja wako. Kilo 1 ya mawese inataka kama gramu 142 za kostiki. Mafuta ya nazi yanakula zaidi, gramu 183 hivi kwa kilo, mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) gramu 176, alizeti ni kidogo, gramu 135. Sasa wewe una lita 10 za mawese, na lita si kilo jamani, hapa ndo wengi wanapopotelea. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita 10 za mawese ni kilo 9.1 hivi. Zidisha kwa 142 unapata gramu 1,290, yaani kilo moja na robo na kidogo. Wewe umeweka 2. Kuna kama gramu 700 ambazo hazikupata mafuta ya kula, zimebaki kwenye miche yako zinasubiri ngozi ya mtu.

Huo unga mweupe peke yake ungekuwa si kitu cha kutisha, mara nyingi ni kostiki ya juu juu iliyokutana na hewa ikageuka magadi, ukiufuta unaondoka. Ila unga pamoja na kuchubua, hapo hakuna mjadala, kostiki imezidi.

Kuokoa mzigo inawezekana. Vaa glovu na miwani, kwangua sabuni yote, iweke kwenye chombo kisichokuwa cha aluminiamu, ongeza maji kidogo, pasha moto taratibu mpaka ilainike iwe kama uji mzito halafu ongeza mawese mengine kama kilo 5.7, ni lita 6 na kidogo hivi, koroga kwa moto mdogo mpaka mafuta yote yapotee. Hicho kiasi kinakubakizia mafuta asilimia 5 hivi yasiyokutana na kostiki, na ndiyo kinga yako, maana mizani za dukani hazilingani na mafuta nayo hayalingani pipa kwa pipa. Kuanzia batch ijayo piga hesabu hivyohivyo, toa asilimia 5 kwenye kostiki, yaani kwa lita zako 10 weka kilo 1.23. Ukichanganya mafuta, mfano mawese kilo 7 na mise kilo 3, unapiga kila moja peke yake unajumlisha: 994 na 528, jumla gramu 1,522, ukitoa asilimia 5 zinabaki kama 1,446.

Nunua mizani ya kidijitali, tafadhali mama. Kikombe na kijiko havipimi kostiki kwa sababu chenga, vipande bapa na unga vinajaa kikombe tofauti kabisa. Na kabla ya kuuza pima na karatasi ya pH, ile inayoonyesha kama kostiki imezidi, sabuni nzuri ya mche inasoma 9 mpaka 10, ikienda 11 au 12 isitoke. Kuna wanaoonja kwa ulimi, naomba mwache hiyo tabia, karatasi hizo ni za bei ndogo tu. Halafu sabuni ikae wiki 4 mpaka 6 kwenye hewa kavu, kazi kubwa ya kostiki inakuwa imeisha siku ya kwanza na ya pili, wiki zinazobaki ni za kukausha maji ili mche usiishe haraka bafuni kwa mteja.

SWALI: Mtoto wa jirani yetu alikunywa kostiki iliyokuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bibi akasema tumtapishe, wengine wakaleta limao. Mtoto yuko hospitali hadi sasa. Kilichotakiwa kufanyika ni nini?

JIBU: Poleni sana, Mungu amponye huyo mtoto. Nitajibu kwa kirefu maana hili swali linaweza kumsaidia mtoto mwingine.

Asitapishwe. Kostiki ilipopita mara ya kwanza imeunguza koo na umio, ukimtapisha inapita mara ya pili kwenye kidonda kilekile na inaweza kuingia kwenye mapafu. Limao na siki pia hapana, watu wanadhani asidi itaizima kostiki, ni kweli zinazimana, lakini zikizimana zinatoa joto na hilo joto linatoka ndani ya koo la mtoto. Asukutuliwe mdomo kwa maji, ateme, asilazimishwe kunywa chochote, akimbizwe hospitali pamoja na ile chupa ili daktari ajue ni nini. Hata kama mdomoni hakuna kidonda na mtoto ameacha kulia mpelekeni tu, maana kostiki inaweza kuacha mdomo bila kidonda ikaunguza chini.

Kinachofanya kostiki iwe mbaya kuliko watu wanavyofikiria ni hivi: asidi nyingi zikiunguza zinagandisha nyama ya juu na huo mgando unazuia kidogo isizame, kostiki inafanya kinyume, inayeyusha mafuta na protini za mwili na kuendelea kushuka chini polepole. Ndo maana mtu akishika maji ya kostiki anasikia utelezi vidoleni. Huo utelezi ni mafuta ya ngozi yake yanageuka sabuni. Na mara nyingine mwanzo haumi sana, mtu anaendelea na kazi, maumivu yanakuja baadaye kidonda kikiwa tayari kimezama. Kwa mtoto aliyemeza, hatari haiishi akitoka wodini, wiki kadhaa baadaye kovu linaweza kuubana umio mpaka chakula kisipite, anahitaji kupanuliwa na madaktari tena na tena. Kwaiyo muwasisitize wazazi wasikose kliniki hata kama mtoto anaonekana anacheza.

Ikimwagikia ngozi: kama ni chenga kavu zipangusie kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha vua nguo na mwaga maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, usione uvivu. Ikiingia jichoni fungua kope kwa vidole, maji yapite nusu saa nzima, na hospitali lazima, siku hiyohiyo, kostiki inaweza kupofusha jicho na kila dakika ina maana. Dawa ya meno, mafuta, asali, yai, vyote viacheni jikoni.

Na chupa za maji na soda zisitumike kuhifadhia kostiki. Najua mifuko ya kilo 25 ni mikubwa na wauzaji wanapimia kidogokidogo, wanakufungia kwenye nailoni au chupa yoyote iliyopo. Maji ya kostiki ni meupe safi kama maji ya bombani, hayana harufu, mtoto mwenye kiu atajuaje? Tena hizo chupa za plastiki laini kostiki inazila taratibu. Tumia galoni nene yenye kifuniko cha kukaza, ambayo haijawahi kuwa ya kinywaji, andika KOSTIKI kwa maandishi makubwa, chora na fuvu kwa ajili ya asiyejua kusoma, fungia juu kwenye kabati lenye kufuli. Muuzaji akikupimia kwenye chupa ya juisi ikatae, mwambie ukweli mbele ya wateja wengine, itamfundisha.

SWALI: Niliweka kostiki kwenye sufuria nikaongeza maji, ikachemka yenyewe bila moto, ikatoa povu na moshi unaokaba, sufuria ikawa nyeusi ikatoboka. Hiyo kostiki ilikuwa feki?

JIBU: Kaka, haikuwa feki, na umshukuru Mungu haukuwa na jiko linawaka pembeni. Hapo yametokea mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza ni joto. Kostiki ikiyeyuka kwenye maji inatoa joto kali sana, kilo 1 kwenye lita 3 inaweza kuyapeleka maji kupita nyuzi 80 bila kiberiti. Ukimimina maji juu ya kostiki yale maji machache ya mwanzo yanachemka palepale na kurusha matone usoni. Siku zote ni kostiki ndani ya maji, maji yakiwa ya baridi, unamwaga kidogo huku unakoroga, umesimama upande upepo unakotoka. Ule mvuke una matone madogomadogo ya kostiki ndo maana unakaba.

La pili ni sufuria yenyewe. Masufuria yetu mengi ni aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu huku ikitoa gesi ya haidrojeni, ndiyo lile povu uliloliona. Haidrojeni inalipuka ikipata cheche. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha stilisi, na mwiko wa plastiki ngumu au stilisi. Chombo cha bati nacho hapana, zinki iliyopakwa juu yake inaliwa vilevile.

Wengi mmeuliza pia kuhusu haidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye maji ya kostiki, mnaambiwa tu "ipime mpaka 1275" bila kuelezwa hiyo 1275 ni nini. Ni uzito wa yale maji ukilinganisha na maji ya kawaida, yaani 1.275. Kilo 1 ya kostiki kwenye lita 3 za maji inatoa mchanganyiko wa asilimia 25, na wa asilimia 25 unasoma karibu 1.27 ukishapoa, kwaiyo ile kanuni ya moja kwa tatu na ile ya haidromita ni kitu kimoja. Lakini upime umepoa! Ukiwa wa moto haidromita inazama zaidi inakudanganya kwamba ni dhaifu, unaongeza kostiki, na hapo tunarudi kwa yule mama wa Ujiji.

SWALI: Magadi na kostiki si ni kitu kimoja? Hapa kwetu Kajiado magadi tunapikia hata maharagwe.

JIBU: Ni ndugu, ila mmoja anaingia jikoni na mwingine haruhusiwi. Magadi mnayochota kutoka Ziwa Magadi ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, kule kuna kampuni iliyoanzishwa 1911, yenye reli yake, na bidhaa inayotoka inakwenda sana kwenye viwanda vya vioo. Magadi yanalainisha maharagwe, yakizidi yanaharibu ladha na vitamini, ila hayatakutoboa koo. Kostiki ingekutoboa.

Ukichemsha maji ya magadi na chokaa iliyozimwa inatoka kostiki na chini inatuama chokaa nyeupe, ndivyo viwanda vilivyoitengeneza miaka mingi kabla ya umeme. Na inarudi pia kinyume: kostiki ukiiacha wazi inavuta unyevu hewani mpaka inalowa yenyewe, halafu inavuta hewa ukaa, taratibu inageuka kuwa aina ya magadi. Ukipima kilo 1 kutoka mfuko uliokaa wazi mwezi mzima, mizani inasoma kilo 1 ileile kumbe sehemu ya nguvu imeshaondoka, na sabuni yako inakataa kushika unabaki unamlaumu muuza mafuta. Funga mfuko ukaze.

SWALI: Kwanini bei ya kostiki inapanda na kushuka hovyo wakati ni chumvi tu na umeme? Na viwandani inafanya kazi gani nyingine zaidi ya sabuni?

JIBU: Swali zuri na jibu lake wengi hawalijui. Kweli inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, ila ule umeme hautoi kostiki peke yake, unatoa na gesi ya klorini na haidrojeni. Kila tani 1 ya klorini inazaliwa na tani 1.1 hivi ya kostiki, huwezi kuchukua moja ukaikataa nyingine. Klorini inatakiwa sana kutengeneza plastiki ya mabomba, ile PVC. Ujenzi duniani ukilala, mabomba hayanunuliwi, viwanda vinapunguza klorini maana ni gesi ya sumu hawawezi kuirundika tu, na kostiki inapungua pamoja nayo hata kama nyinyi watengeneza sabuni mnaihitaji kuliko jana. Ongeza bei ya umeme na ya meli, maana mifuko mingi mnayoiona madukani imekuja kwa meli, basi ndo hiyo bei.

Kazi zake nyingine ni nyingi mno. Inatenganisha nyuzi za mti ili kupata karatasi. Inaifanya pamba ishike rangi, ujuzi wa Mwingereza John Mercer wa miaka ya 1840, na inaipa mng'ao pia. Zile chupa za soda na bia tunazorudisha dukani zinaoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki asilimia chache kisha zinasuuzwa sana. Kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu kwa sayanaidi, wanatumia chokaa au kostiki kuiweka pH juu ya 10 na zaidi, ikishuka sayanaidi inatoka kama gesi na kuua watu, kwahiyo pale kostiki inalinda uhai.

Na aluminiamu yenyewe inapatikana kwa msaada wake. Udongo wa boksaiti unapikwa na kostiki ili kuitoa alumina, malighafi ya aluminiamu, njia aliyoianzisha Carl Josef Bayer mwishoni mwa miaka ya 1880, na kinachobaki ni tope jekundu lenye kostiki. Tarehe 4 Oktoba 2010 kule Hungaria, karibu na mji wa Ajka, ukuta wa bwawa la tope hilo ulipasuka likafurika vijiji, hasa Kolontár na Devecser, watu 10 walikufa na zaidi ya 100 wakaumia, wengi kwa kuunguzwa na lile tope. Hawa walikuwa watu wa kawaida majumbani mwao, si wafanyakazi wa kiwanda. Huwa nalitaja hili kila mtu anaponiambia kostiki ni tatizo la watengeneza sabuni tu.

SWALI: Nina saluni Mbagala. Mteja kaniuliza kama dawa ya kulainisha nywele ina kostiki, nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa sahihi?

JIBU: Hapana dada, nyingi zinayo. Soma nyuma ya kopo, ukiona sodium hydroxide ndiyo yenyewe, imechanganywa kwenye krimu kwa asilimia chache. Inavunja viunganishi vya salfa vinavyoshikilia mkunjo wa unywele ndo unanyooka, na haichagui, ikikaa muda mrefu inavunja unywele wote na kuanza ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwa dawa za kutumia mwenyewe nyumbani na 4.5 kwa za wataalamu. Zile zinazoandikwa hazina "lye", yaani kostiki kwa Kiingereza, mara nyingi zina kalsiamu haidroksaidi badala yake, nazo pH yake ni ya juu, zinaunguza vilevile.

Kwaiyo kazi yako: paka mafuta mazito kichwani na masikioni kwanza, usimpake mtu aliyejikuna au kufumua rasta jana yake, mtoto mdogo mkatalie mama yake kwa heshima. Fuata dakika za kwenye kopo. Mteja akisema inachoma, unaosha sasa hivi, ile kauli ya "vumilia kidogo ishike" ndiyo inayoleta vidonda na vipara. Osha kwa maji mengi kisha shampuu ya kuzima dawa (neutralizing), ile ambayo povu lake linabadilika rangi dawa ikiwa bado ipo, mpaka hiyo rangi ipotee.

SWALI: Sabuni ya maji nayo inataka kostiki kiasi gani? Na ni kweli inazibua sinki na choo?

JIBU: Kwenye sabuni ya maji inayotengenezwa kwa salfoniki, ambayo ni asidi, kostiki ni ya kuizima hiyo asidi, kilo 1 ya salfoniki inataka gramu 120 mpaka 125, ikiwa imeshayeyushwa kwenye maji na imepoa. Ongeza polepole na upime, ikifika pH 7 au 8 simama. Wanaotumia soda ash (kaboneti ya sodiamu) badala yake sawa pia, inatoa povu la gesi tu kwaiyo tumia ndoo kubwa.

Sinki inazibua kweli kama kilichoziba ni mafuta na nywele, maana inavigeuza sabuni na kuviyeyusha. Tambara, plastiki na mchanga haivigusi. Yeyusha kwanza kwenye ndoo ya maji baridi ndo umimine, ukimwaga chenga kavu kwenye bomba zinaganda humo kama jiwe. Usiiweke kwenye bomba ambalo umeshamwaga dawa ya choo ya asidi. Na ukishamimina, ikikataa kuzibua usiingize fimbo wala pampu ya mpira, yale maji yatakurukia machoni, mwite fundi na umwambie kabla hajafungua kwamba ndani kuna kostiki.

Kwa wale wanaotaka kuuza kemikali yenyewe, Tanzania kuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003, usajili unafanywa ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wa sabuni anzeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha, kisha TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya alama ya ubora. Mama wa Ujiji, ukishamaliza kuupika ule mzigo upya nitumie pH uliyosoma.